Cabo Delgado: Nani Alizungumza na Wamwani kwa Lugha Yao?



Kila inapotajwa vita ya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, sisi tulio ughaibuni tunagawanyika makundi matatu hata chai haijapoa. Wapo wanaosema ni dini iliyopotoshwa na kuletwa kutoka nje. Wapo wanaosema ni gesi, kwamba mabepari wamejitengenezea vita wapate kulichukua eneo. Na wapo wenzangu wa vyuo vikuu wanaosema ni umaskini, kisha wanakuchorea jedwali. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Lakini mimi kama mtu wa historia naona tunaruka swali moja la utawala ambalo ni la kale kuliko gesi na kuliko makundi haya ya vijana wenye bunduki: watu wa pwani ile walikuwa wakipeleka wapi arzuhali zao, na kwa lugha gani? Nitalieleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na mahali penyewe. Mitambo ya gesi iko rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, ukingoni mwa ghuba ya Tungi. Wazanzibari na Waomani miongoni mwetu wanalijua jina hilo, au wanapaswa kulijua. Katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, ukanda wa pwani wa maili kumi aliobakishiwa Sayyid Barghash ulianzia huko huko, mto Minengani kwenye ghuba ya Tungi, ukapanda hadi Kipini. Wareno hawakukubali. Februari 1887 walileta manowari zao, wakapiga mizinga na kuichukua Tungi. Barghash alitaraji rafiki zake Waingereza wamtetee. Hawakumtetea, na mwaka uliofuata akafariki. Wenyeji wa Tungi hakuna aliyewauliza. Nchi ilihama mkono kutoka kwa Sultani aliye mbali kwenda kwa mfalme aliye mbali zaidi.

Wenyeji hao ni Wamwani, yaani watu wa pwani, na majirani zao Wamakua, na Wamakonde wa bara. Kimwani ni lugha iliyo karibu mno na Kiswahili, hata wanaisimu wanabishana kama tuiite lahaja au lugha jirani. Mtu wa Kilwa akikaa Ibo au Mocímboa da Praia wiki mbili tatu atakuwa anasikilizana nao vizuri. Na hawa hawakuwa watu wasiojua kuandika. Katika hifadhi ya nyaraka za taifa kule Maputo kuna mamia ya barua za karne ya 19 kwa herufi za Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili au kwa lahaja zilizo karibu nacho, kutoka kwa mashekhe na watawala wadogo wa Angoche, Quissanga na kwengineko, kwenda kwa magavana wa Kireno. Mwanahistoria Liazzat Bonate amezifanyia kazi ya kusifika. Mna salamu, mna biashara, mna mashitaka dhidi ya jirani, mna ahadi za utiifu ambazo pengine mwandishi mwenyewe hakuziamini. Na upande wa pili palikuwa na watarjumani walioajiriwa na dola kuzisoma na kuzijibu.

Mtu asije akasema namsifu Mreno. Nchi ile ilikuwa bado imezama katika biashara ya watumwa, na baadhi ya hao hao waandishi wa barua walikuwa wakiifanya. Ninachosema ni kwamba Mreno wa wakati ule alikuwa dhaifu, ana ngome na bendera na vihomahoma, basi alilazimika kuzungumza na watu. Alipopata nguvu aliacha. Kuanzia 1891 eneo lote la kaskazini alikabidhiwa Companhia do Niassa, kampuni ya hisa iliyotawala hadi 1929, ikawa na polisi wake na ushuru wake, na mapato yake makubwa yalikuwa ni kodi ya nyumba na jasho la kazi za kulazimishwa. Huwezi kuipelekea kampuni ya hisa arzuhali. Wengi waliamua kuvuka Ruvuma wakahamia Tanganyika, na ndo maana Mtwara na Lindi mpaka leo zimejaa watu wenye jamaa ng'ambo ya pili.

Katika miaka ya 1960 Mreno aligutuka tena. Vita vya ukombozi vilipoanza, kwanza PIDE, polisi wa siri, waliwakamata Waislamu wengi wakiwamo mashekhe wa tariqa, na ngome ya Ibo ikageuzwa jela. Kisha wakabadili mbinu. Idara ya ujasusi ikawachunguza viongozi wa Kiislamu mmoja mmoja, nani anafuatwa na nani, nani kapokea ijaza kwa nani, na 1972 wakapata saini za wakuu wa Kiislamu na kuchapisha muhtasari wa Hadithi za Bukhari kwa Kireno. Angalieni kichekesho hiki: dola ya Kikatoliki ilikuwa inawajua mashekhe wa Cabo Delgado vizuri kuliko dola yoyote iliyokuja baada yake. Iliwajua kwa nia mbaya, lakini iliwajua.

Sasa FRELIMO. Chama kilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, jeshi lake likafunzwa Nachingwea, na risasi ya kwanza inayoadhimishwa rasmi ilipigwa Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Kiswahili kilitumika sana katika medani ile ya kaskazini, wapiganaji wenyewe wamelisema hilo. Lakini nchi ilipojitawala 1975 lugha ya dola ikawa Kireno peke yake, na katiba ya leo bado inasema hivyo hivyo. Hoja yao ilikuwa umoja wa taifa, nami siidharau hoja hiyo. Ila matokeo yake kwa mvuvi wa Mocímboa ni kwamba polisi, hakimu, mkuu wa wilaya na karatasi ya ardhi, vyote vinasema lugha asiyoijua. Elimu kwa lugha za nyumbani imeanza kuingia mashuleni, Kimwani kikiwamo, lakini imechelewa na ni kidogo.

Juu ya lugha likaja la dini. Katika kongamano la 1977 chama kilijitangaza kuwa cha Kimarx na Kilenin; shule za dini na mali za taasisi zilitaifishwa, watemi na mashekhe wakaitwa mabaki ya ukoloni. Mwaka 1981, kwa baraka ya dola, likaundwa Baraza la Kiislamu la Msumbiji, CISLAMO, uongozi wake ukiwa Maputo na mikononi mwa watu wa mwelekeo wa kisalafi waliosoma nchi za Kiarabu. Tariqa za Kaskazini, Qadiriyya na Shadhiliyya, zikajiona zimewekwa kando ndani ya dini yao wenyewe. Kwa hiyo tayari kulikuwa na ugomvi wa nani Muislamu sahihi, na serikali imeshachagua upande, kabla ya kijana yeyote kushika panga.

Na juu ya dini likaja la kabila, ambalo wengi wetu tunaona haya kulisema. Wamakonde ndio waliobeba mzigo mkubwa wa vita vya ukombozi, hilo ni kweli na ni haki yao kuheshimiwa. Lakini nchi ilipotulia, pensheni za wapigania uhuru, vyeo na leseni zikaelekea uwanda wa Mueda, na Wamwani wa pwani wakahisi wameachwa. Wakakipigia kura chama cha upinzani, RENAMO. Mwaka 2005 pale pale Mocímboa da Praia, baada ya uchaguzi mdogo wa meya wenye ubishi, mapigano yalizuka baina ya wafuasi wa vyama viwili, yakachukua sura ya Wamwani na Wamakonde, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Miaka 12 kabla ya vita! Gesi haijagunduliwa, hakuna aliyesikia jina la Dola ya Kiislamu ya Iraq na Syria. Aliyetaka kuona, aliona.

Hapo ndipo linapoingia kundi. Mtafiti Eric Morier-Genoud amelifuatilia na kuonesha kwamba chimbuko lake si 2017. Mnamo 2007, wilaya ya Balama, tayari alikuwapo kijana aliyerejea kutoka Tanzania, akajenga msikiti wake na kuanza kuwakataza watu shule za serikali na mahakama za serikali. Balama haiko pwani, na gesi ya bonde la Ruvuma iligunduliwa 2010. Wanaosema yote ni njama ya gesi watueleze hilo. Na wanaosema yote ni umaskini watueleze mbona Zambézia, maskini vile vile, haikuwaka.

Kwa Mocímboa, utafiti wa Habibe, Forquilha na Pereira uliotolewa Maputo 2019 unaeleza vijana walioingia msikitini na viatu, wenye visu viunoni, waliowatoa watoto wao shule na kuwaita wazee wao makafiri. Baadhi walikuwa na mafungamano na wafuasi wa Aboud Rogo, yule shekhe wa Mombasa aliyeuawa Agosti 2012, ambao walikuwa wamehamia Kibiti. Na Kibiti tunaikumbuka: Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa pamoja, viongozi wa vijiji wakawa wanapigwa risasi milangoni mwao, kisha dola ya Tanzania ikafanya msako mkali na waliobaki wakakimbilia kusini. Wakavuka mto ule ule waliovuka babu zao kuikimbia kodi ya Companhia do Niassa, safari hii kwa upande wa pili.

Tuseme ukweli unaotuuma sisi wapenzi wa lugha. Kanda za Rogo zilikuwa za Kiswahili. Kiswahili fasaha, chenye mizaha na mifano ya sokoni, kinachomwita kijana kwa jina. Tunajivunia kila siku kwamba lugha yetu inavuka mipaka. Inavuka, na haichagui mzigo.

Je, hakuna aliyeonya? Walionya. Mashekhe wa CISLAMO na wa tariqa, ambao kwa kawaida hawaketi jamvi moja, walipeleka malalamiko kwa wakuu wa wilaya miaka kadhaa kabla. Mara nyengine walisikilizwa na watu wakashitakiwa. Mara nyengine ikaonekana ni ugomvi wa misikiti, wamalizane wenyewe. Tarehe 5 Oktoba 2017, alfajiri, kundi la watu kama 30 likavamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na wenyeji wakawatambua kwa sura, huyu mtoto wa fulani, huyu tulicheza naye mpira. Jibu la dola lilikuwa kukamata mamia ya watu na kufunga misikiti kadhaa. Waliokuwa wakionya na walioonywa dhidi yao wakatiwa kapu moja. Mwandishi wa redio ya jamii, Amade Abubacar, alikamatwa Januari 2019 akiwahoji wakimbizi Macomia, akakaa ndani miezi. Mwenzake wa Palma, Ibraimo Mbaruco, alitoweka Aprili 2020 baada ya kupeleka ujumbe kwamba amezungukwa na wanajeshi, na hajaonekana. Hawa wawili walikuwa wakifanya ile ile kazi ya wale watarjumani wa zamani, kuchukua maneno ya watu na kuyafikisha juu.

Wakati huo huo utajiri ulikuwa unapita mbele ya macho ya watu. Rubi ziligunduliwa Montepuez 2009, na mgodi ukawa wa kampuni ya Gemfields kwa asilimia 75, na robo iliyobaki ya kampuni ya wenyeji yenye jenerali wa FRELIMO ndani yake. Wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu, kesi ikafunguliwa London, na Januari 2019 Gemfields ikakubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya wenyeji 273, bila kukiri dhima. Afungi nako hekta zipatazo 7,000 zilitengwa kwa mradi wa gesi, vijiji vikahamishwa, wavuvi wakapewa nyumba nzuri mbali na bahari. Nyumba nzuri, naam. Lakini mvuvi bila bahari ni nani?

Na hapa kuna kisa ambacho nawasomesha wanafunzi wangu kila mwaka, kwani hakihitaji nadharia. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali ya Msumbiji yalikopa karibu dola bilioni 2 kwa dhamana ya dola, bila bunge kujua. Sababu iliyoandikwa ilikuwa meli za kuvulia jodari na, sikilizeni, ulinzi wa pwani. Khabari zilipofichuka 2016 wafadhili walikata misaada na sarafu ikaporomoka; aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alihukumiwa New York Januari 2025 kifungo cha miaka minane na nusu. Agosti 2020 vijana wenye bunduki na mashua waliichukua bandari ya Mocímboa da Praia, wakakaa nayo mwaka mzima. Pwani ilikuwa imeshalipiwa.

Turudi kwenye swali la lugha. Machi 2020, kabla ya kuichukua bandari moja kwa moja, waliingia Mocímboa kwa siku moja, kisha Quissanga. Wakachoma majengo ya serikali, wakagawa chakula walichokipora, wakasimama mbele ya watu bila ya kuficha nyuso na kuhutubia kwa lugha za pale pale. Walisema hawaitaki bendera ile, wanataka sheria ya Mungu, serikali inawadhalilisha maskini na faida inakula na wakubwa. Nimezisikiliza video zile mara nyingi. Ukiondoa bunduki, nusu ya maneno yale ni arzuhali. Nusu nyengine ni amri ya kuua, na wala tusijidanganye kwamba nusu moja inaisafisha mwenzake: wiki chache tu baadaye, kijiji cha Xitaxi wilaya ya Muidumbe, vijana 52 waliuawa, na polisi wenyewe wakathibitisha kwamba kosa lao lilikuwa kukataa kujiunga. Waliojidai kuwatetea maskini wakawachinja maskini, na Waislamu chungu nzima, maimamu wamo. Hata Chai, kijiji cha risasi ya kwanza ya uhuru, kimevamiwa zaidi ya mara moja.

Yaliyofuata mnayajua kwa hiyo nitapita mbio. Serikali ilijaribu askari wa kukodi, Warusi wa Wagner 2019, wakaondoka baada ya miezi michache, kisha helikopta za kampuni ya Afrika Kusini. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakaua watu Kitaya, Mtwara. Machi 2021 wakaivamia Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya Total ikasimamisha mradi wa dola bilioni 20. Julai 2021 ndipo walipofika askari na polisi 1,000 wa Rwanda, na baadaye majeshi ya SADC, Tanzania ikiwamo, na ujumbe huo wa SADC ukamalizika 2024. Mocímboa ikakombolewa Agosti 2021. Kiongozi aliyejulikana zaidi, Bonomade Machude Omar, mtoto wa huko huko, aliuawa Agosti 2023, na vita havikwisha: Macomia ilivamiwa tena Mei 2024, na Julai 2025 mashambulizi ya Chiúre yaliwakimbiza makumi ya maelfu. Waliokufa tangu 2017 ni zaidi ya 6,000. Kufikia 2022 waliokuwa wamehama makwao walikaribia milioni moja.

Kuhusu Wanyarwanda kuna mengi ya kuhoji, nani anawalipa na wanapata nini, ijapokuwa tunajua Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 20 mwaka 2022 na nyengine kiasi hicho 2024. Lakini kuna jambo moja ambalo waandishi wengi waliofika Palma na Mocímboa wamelirudia. Askari wa Rwanda wengi wanajua Kiswahili. Wanapita sokoni, wanasalimia, mama muuza samaki anawajibu, anawaambia njia ipi haina usalama na nani kaonekana shambani usiku. Mwishoni mwa 2025 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kwamba inarudi Afungi, na serikali mpya ya Rais Daniel Chapo ikashangilia. Kwenye ghuba ile aliyoipoteza Barghash, mwananchi wa Msumbiji mwenye shida ya usalama anampelekea khabari ofisa kutoka Kigali, kwa sababu huyo ndiye mwenye sare wa kwanza kwa muda mrefu anayeweza kumjibu bila ya mkalimani.

Wenye nyaraka za familia kutoka Ibo, Tungi au Quissanga, na najua Maskati na Dar mko baadhi yenu mnazo, msizitupe barua hizo. Hata zilizoliwa na mchwa.

Wasalaam.